Tanbihi ya Ukurasa wa Arobaini na Saba

Saa sita kasoro dakika tisa usiku nimebonyeza "wasilisha".
Kurasa mia moja na nne zimeondoka
bila mlio, bila hata kukohoa.
Miaka miwili nimepima kelele za watu
na leo kazi yangu imetoka kwa kunyata.

Torkel, msimamizi wangu, alizoea kusema:
"Hillevi, jengo halisemi uongo.
Mpimaji ndiye husikia vibaya."
Akafuta miwani kwa ncha ya sweta,
akanituma tena Majorna,
kwenye nyumba zile za ghorofa tatu,
chini mawe, juu mbao,
na chini ya mawe udongo wa mfinyanzi,
laini kama uji uliopoa,
unaoipokea tramu kila baada ya dakika nane
na kuipitisha mkono kwa mkono:
msingi kwa ukuta, ukuta kwa kabati,
kabati kwa vikombe vya Bi Gunvor Ståhle.

Nilibandika vipima-mtetemo sakafuni kwa nta,
vidogo kama vifungo vya koti,
nikaviacha virekodi mchana na usiku.
Tramu ilijulikana. Ina saa zake, ina kishindo chake.
Lakini palikuwa na kilele kingine,
hezi kumi na moja nukta saba,
chembamba, kimesimama peke yake kwenye grafu
kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Nililaumu jokofu. Nililaumu bomba la maji moto.
Nilibadili waya, nikabadili nta,
Februari nzima nikaandika upya milinganyo
na modeli yangu ikanikatalia katakata:
nyumba hii haina mlio huo.
Nikaenda kujifungia kwenye chumba kisicho na mwangwi,
kuta zake meno ya sifongo,
nikasikia damu yangu ikipita masikioni
na wivu wangu kwa Arvid, aliyemaliza Desemba.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Mimi sikungoja mshindo, nililia tu,
na chumba hakikunirudishia hata kwikwi moja.

Aprili. Nilisahau glavu, nikarudi.
Ngazini nilikisikia kwa nyayo kabla ya masikio.
Bi Gunvor, miaka themanini na minane,
ameinamia cherehani,
anapinda mapazia ya jirani,
mguu kwenye kanyagio, sindano ikila kitambaa
mara kumi na moja na ushei kila sekunde.

"Ukija huwa naacha," akasema, karibu kwa aibu.
"Nisikuharibie vipimo."

Miezi mitatu!
Adabu yake ndiyo iliyonificha jibu.
Nilicheka hadi nikakaa chini, penye waya,
akadhani nimeumia, akaniletea kahawa
na mkate wa iliki uliosokotwa kama nywele za mtoto.

Torkel alitaka kilele kifutwe.
"Ni uchafu wa data."
Nikakataa, mara yangu ya kwanza kumkatalia,
sauti ikinitetemeka (masafa sikuyapima).
Basi kimebaki, tanbihi, herufi ndogo:
*chanzo ni cherehani; hufanya kazi mpimaji asipokuwepo.*

Jana nilikwenda kubandua vifaa.
Nta ilitoka kwa kisu cha siagi,
isipokuwa duara moja karibu na dirisha,
upana wa sarafu, limezama kwenye mbao.
Nikakwangua, nikakwangua.
"Liache," akasema. "Hapo pana alama ya kitanda cha mwanangu,
na pale niliangusha pasi mwaka nilioolewa."

Sasa saa sita na robo. Kompyuta nimeizima.
Naweka kiganja juu ya meza, mazoea tu.
Tramu ya mwisho inapinda kona.
Naihesabu hadi itulie
na sina pa kuiandika.